Mgonjwa Akirudishwa Nyumbani: Hospisi ni Nini, na Kikundi Kinaweza Kufanya Nini?

Ndugu wanakikundi, kuna neno moja ambalo huumiza jamaa nyingi hapa Kachibora karibu kama ugonjwa wenyewe. Ni pale daktari anaposema, "Mrudisheni nyumbani." Watu husikia kwamba hospitali imemtupa mgonjwa wao. Wengine huuza ng'ombe wa mwisho au kukodisha shamba ili wampeleke Eldoret, na kutoka Eldoret mpaka Nairobi, na mwishowe marehemu anazikwa na deni linabaki kwa watoto. Wengine humlaza chumba cha nyuma, wakafunga mlango, wakangoja. Lakini iko njia ya tatu, nayo ndiyo tunataka kuieleza hapa.

Njia hiyo inaitwa hospisi. Wengi hufikiri ni nyumba ya kwenda kufia. Si hivyo. Hospisi ni namna ya kumtunza mtu ambaye ugonjwa wake hauponi, pamoja na jamaa yake, na mara nyingi anatunzwa akiwa kitandani pake mwenyewe. Ilianza kwa namna tunayoijua leo mwaka 1967 huko London, Uingereza, na mwanzilishi wake alikuwa Cicely Saunders. Mama huyo alikuwa kwanza muuguzi, halafu mfanyakazi wa huduma za jamii (hapo sisi tunajisikia vizuri kidogo), na mwishowe akasomea udaktari. Alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekufa si ya mwili tu. Moyo unauma, roho inauma, na mawazo ya watoto na deni yanauma pia. Ukitibu moja na kuacha mengine, bado mgonjwa hatalala.

Kwetu Kenya, Nairobi Hospice ilianzishwa mwaka 1990. Majirani zetu wa Uganda walianza mwaka 1993, pale Dk. Anne Merriman alipofungua Hospice Africa Uganda mjini Kampala. Kwa watu wa huku kwetu, iliyo karibu ni hospisi ya Eldoret, na kule Kipkaren iko Kimbilio. Hata kama huwezi kufika huko, uliza hospitali ya kaunti kama kuna nesi au daktari wa tiba shufaa, yaani yule anayetibu maumivu na dalili nyingine hata kama ugonjwa wenyewe hauponi.

Tukae kidogo kwenye maumivu, maana hapo ndipo watu wetu huteseka bure. Sehemu zetu za magharibi na Bonde la Ufa zina saratani ya koo la chakula nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia, na mgonjwa wa namna hiyo hawezi kusaidiwa na panado. Dawa yake ni mofini ya maji, ya kunywa. Si dawa ya bei kubwa, ila imeogopwa sana. Mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto wa Kenya waliokuwa wakiumwa sana huku hospitali nyingi zikiwa hazina mofini. Tangu hapo huduma imepanuka, lakini woga haujaisha. Tunasikia watu wakisema, "Hiyo ni dawa ya kuulia," au, "Atakuwa mlevi wayo." Mofini inayotolewa kwa kipimo cha daktari kwa sababu ya maumivu haiuwi mgonjwa, na mtu anayeitumia hivyo ni nadra kuwa mlevi. Inampa usingizi aliokosa kwa wiki nyingi, na asubuhi unaona ameomba uji.

Ila itolewe kwa saa. Kwa kawaida ni kila baada ya saa nne, si kungoja mpaka mgonjwa apige kelele. Kwa kipimo cha usiku, nesi ndiye ataeleza. Dawa hii hufunga choo, kwa hivyo usikubali kutoka hospitali bila kuuliza dawa ya kulegeza tumbo. Huko Uganda wahudumu wa hospisi hufundisha pia kutumia mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa. Papai tunazo.

Mambo mengine jamaa wanaweza kuyafanya bila dawa. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, watu wawili wakishika shuka chini yake, asije akatoka vidonda. Midomo ilowanishwe. Kidonda kinachonuka kina dawa, kwa hivyo mwambieni nesi, msimkimbie mtu wenu. Na akikataa ugali siku za mwisho, tafadhali msimlazimishe. Kina mama hulia kwamba anakufa njaa, lakini mwili wenyewe ndio unaacha chakula. Maji kidogo kwa kijiko yatosha, akiweza kumeza.

Sasa jambo gumu. Kwetu haisemwi kwamba mtu anakufa. Jamaa wanajua, yeye mwenyewe anajua, na kila mtu anajifanya hajui. Hospisi huwasaidia kuongea polepole, kwa kumuuliza mgonjwa kwanza anataka kujua nini. Usidhani ni maneno ya kizungu tu. Hapa Trans Nzoia tunajua mashamba mangapi yamegawanya ndugu kwa sababu mzee alinyamaza. Sheria ya Kenya inakubali wosia wa mdomo ukitamkwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi wenye akili timamu, mradi mwenyewe afariki ndani ya miezi mitatu. Wosia wa kuandikwa ni bora, nao pia utiwe sahihi mbele ya mashahidi wawili ambao hawarithi chochote humo. Mke, watoto wa kike, karo, deni la mbolea, yote yatajwe angali anaweza kutaja. Na akitaka padre, pasta au imamu, aitwe mapema, si wakati hasikii tena.

Na kikundi je? Kusema kweli, vikundi vyetu ni hodari kwa matanga. Hema, mchele, jeneza, basi la waombolezaji: tunachanga bila kusukumwa. Lakini miezi mitatu mtu akiwa amelala, mkewe akigeuza peke yake na mahindi yakiliwa na magugu, hakuna anayepitisha kofia. Tungependa kila kikundi kitenge sehemu ya hazina yake kwa mgonjwa angali hai: nauli ya boda boda ya kufuata dawa (wakati wa mvua barabara za mlimani hazichezi), sabuni, maziwa, na zamu ya kulala pale usiku mmoja kwa wiki ili mlezi apumzike. Mnaopalilia pamoja, mpalilie kwake kwanza. Mlioona vikundi vya kutunza wagonjwa wa ukimwi nyumbani miaka ile mnajua kazi hii haihitaji chuo.

Baada ya mazishi, rudini kwa mjane wiki ya pili na ya tano, wageni wakishaondoka. Na chupa ya mofini iliyobaki irudishwe kwa hospitali iliyoitoa, isikae kwenye dari ambapo watoto wataifikia.