Mtapiga Plasta Lini?

Tangu Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu la Kericho litabarukiwe Mei 2015, swali ni hilo hilo. Anayeuliza huwa ameinua macho kwenye matao ya zege yaliyoachwa wazi, akidhani pesa za dayosisi ziliishia hapo. Hazikuishia hapo. Kazi imekwisha.

Tazama tena. Ni matao 10 yaliyoinama, kila moja likilizidi lililotangulia kwa kimo, hata paa la vigae linapanda kutoka mlangoni hadi altareni. Kati yake kuna safu za mbao. Wasanifu wake, John McAslan na wenzake wa London, walitaka waumini 1,500 waone kinachobeba paa lao. Ukikifunika, umelipa ili usikione.

Lakini kinachonichosha zaidi ni imani kwamba plasta "inalinda". Inalinda nini? Matao yako ndani. Mvua ya Kericho inayafikia wapi? Hata kwenye zege ya nje, nondo hulindwa na zege yenyewe, mradi imewekwa nene ya kutosha na kushindiliwa bila kuacha mashimo. Fundi akizembea hapo, maji na hewa hupenya, chuma kinashika kutu, kutu inavimba na zege inapasuka. Plasta juu ya ufa huo inaficha ugonjwa tu, mpaka siku kipande kitakapomwangukia mwanakwaya. Anayeisifu sana plasta kwa kawaida ndiye anayelipwa kwa mita.

Ndugu wa plasta ni vanishi ya mawe. Kamati za makanisa ya mawe, kuanzia Kericho hadi Bomet, huipaka ukuta ung'ae kwa ajili ya sikukuu ya parokia. Maji hupanda kutoka msingini na kupenya kwenye viungo. Yakikosa pa kutokea, yanabandua uso wa jiwe. Miaka michache tu, ukuta unamenyeka. Halafu mnaniita mimi.

Basi fanyeni haya: zoeni majani kwenye mifereji ya paa kabla ya mvua za Machi, badilisheni kigae kilichopasuka wiki hiyo hiyo, teremsheni udongo uliopanda ukutani, na viungo vya mawe ya zamani vizibwe kwa chokaa, si saruji ngumu kama chuma. Ufa unaopanuka, mwiteni mhandisi. Pesa za plasta zinunue ngazi ndefu.