Mlango wa Madrasa na Wasia wa Seremala



Jioni moja ya masika iliyopita, baada ya sala ya alasiri, mlango wa chumba kidogo cha madrasa yetu hapa Lamu ulikataa kufunguka. Ndani mlikuwa na watoto 23 pamoja na mwalimu wao wa kike, na mkubwa wa watoto hao hakuwa ametimiza miaka tisa. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo. Mbao zilivimba, na ubao wa mlango ukabana katika miimo yake kana kwamba umegandishwa kwa gundi. Mwalimu alisukuma kutoka ndani, sisi tukavuta kutoka nje, na mlango haukutikisika. Watoto wakaanza kulia. Twamshukuru Mola, hapakuwa na moto wala moshi jioni ile. Lakini kila mzazi aliyesimama barazani alikuwa na swali moja moyoni: je, lau pangalikuwa na moto?

Aliyetufungulia ni seremala mzee wa mtaa wetu, ambaye wengi wetu humwita Ami. Alifika na nyundo, patasi na mtalimbo mfupi, akautazama mlango kwa muda, na hakuupiga hata pigo moja. Alizigonga pini za bawaba kutoka chini hadi zikachomoka, akauingiza mtalimbo upande wa bawaba, na ubao ukaachia. Kazi yote haikuchukua dakika kumi.

Sasa yanipasa kukiri. Mlango ule niliuagiza mimi, kwa fedha za michango ya waumini. Ulitiwa wakati wa kaskazi, mbao zikiwa kavu kama kuni, na mimi ndiye niliyemharakisha fundi. Aliponiomba siku moja zaidi ili apake rangi ukingo wa juu na wa chini, nilimjibu kwamba hakuna atakayepanda juu kuutazama. Tena tulimsifu kwa jinsi mlango ulivyobana, kwamba hata karatasi haikuweza kupita. Sifa ile ndiyo iliyowafungia watoto wetu.

Baada ya tukio hilo nilikwenda karakanani kwa Ami mara kadhaa. Niliketi juu ya gogo huku yeye na wanagenzi wake wawili wakifanya kazi, nikayaandika aliyoniambia. Nayaleta hapa kwa faida ya vijana wanaojifunza ufundi na ya kila mwenye nyumba anayetaka kuagiza kitu cha mbao.

Mti uliokatwa bado unapumua

Siku ile ile nilimsihi Ami aurande mlango ili turudi darasani kesho yake. Alikataa. "Sheikh," akasema, "nikiuranda leo katika mvua, kaskazi ikija utakuwa na pengo la kupitisha paka."

Akanieleza kwamba mbao hunywa unyevu wa hewa zikavimba, na hutoa unyevu huo zikasinyaa, mwaka baada ya mwaka, hata zikiwa na umri wa miaka mia. Kuvimba huko huwa katika upana wa ubao. Urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Kwa hiyo mlango hubana ubavuni, wala si juu na chini. Na mahali mbao zinapokunywa maji kwa wingi ni kwenye ncha zilizokatwa, ambako vinyweleo vyake viko wazi kama mirija. Ule ukingo wa juu nilioudharau ulikuwa ndio mdomo.

Tuliutia mlango uvulini penye upepo, tukatundika pazia, tukasubiri mvua zipungue. Kisha Ami akauranda kidogo tu, akaacha nafasi ya kama milimita tatu hadi nne kila upande. Kipimo chake ni sarafu mbili zilizopandana: zikipita kwa wepesi kuuzunguka mlango wote, inatosha. Mwisho akapaka pande zote sita, wala hakuacha hata mmoja. Masika mengine yamekuja, na mlango unafunguka kwa kidole.

Kosa lililo kinyume cha hili ni kununua mbao mbichi. Hizo hutoka zimevimba, na baada ya miezi michache ndani ya nyumba husinyaa, viungo vikalegea na mbao zikapasuka. Kanuni ya mafundi ni kuziacha mbao zikauke kivulini kwa muda wa kama mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, zikiwa zimepangwa kwa vijiti katikati ili upepo upite. Mnunuzi asiye na muda huo na apime kwa mkono: ubao mbichi ni mzito kuliko mwenziwe wa ukubwa ule ule, na ukiugusa huwa na ubaridi. Auangalie pia kama una vitundu vyenye vumbi laini, kwani huo umebunguliwa, na ukiuingiza nyumbani utaambukiza mingine.

Kipimo kabla ya msumeno

Ami hutumia tepu moja tu kwa kazi moja, tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu tepu mbili mara nyingi hutofautiana. Tena huchagua kati ya inchi na sentimita, wala hachanganyi. Mbao zetu dukani huuzwa kwa inchi na futi, na vyumba tunavipima kwa sentimita. Hapo ndipo wanagenzi wengi hupotezea mbao.

Nilimwona kijana wake akikigonga kile kijipande cha chuma kilicho kwenye ncha ya tepu, akidhani kimelegea kwa uchakavu. Ami akamzuia mkono. Kulegea kule ni kwa makusudi: kipande husogea kwa kiasi cha unene wake chenyewe, ili kipimo kiwe sahihi ukikiangika nje ya ubao na pia ukikisukuma ndani ya ukuta. Ukikikaza, umeiharibu tepu.

Ili kujua kama pembe ni mraba, pima futi 3 upande mmoja na futi 4 upande wa pili. Kutoka alama hadi alama lazima pawe futi 5 kamili. Kwa sentimita, 60 na 80 hutoa 100. Na fremu ya mlango au dirisha ikishaungwa, pima kutoka pembe hadi pembe, kisha pembe zile mbili nyingine. Vipimo viwili vikilingana, fremu imenyooka. Vikitofautiana, irekebishe kabla gundi haijakauka.

Pimamaji nalo lapaswa kupimwa. Liweke juu ya ubao, utazame povu lilipo, kisha uligeuze mwisho kwa mwisho mahali pale pale. Povu likikaa pale pale, ni la kweli. Ama timazi, hilo halisemi uongo, lakini upepo wa kusi hulicheza. Dawa yake ni kuliteremsha bilauri yake ndani ya ndoo ya maji, nalo hutulia.

Hapa Ami alinikumbusha nyumba kongwe za mji wetu, zilizofanya Mji wa Kale wa Lamu uingizwe katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba kwa sababu wajenzi waliufuata urefu wa boriti za mikoko. Hawakuulazimisha mti kubeba nafasi isiyo yake. "Wao walianza na mti," alisema, "nasi siku hizi twaanza na picha ya simu."

Chombo butu ndicho hukata mkono

Watu wengi huogopa patasi yenye makali. Ami huogopa ile butu. Yenye makali hukata kwa kusukumwa kidogo na hufuata nia ya fundi. Butu hulazimishwa kwa nguvu zote, na siku inapoteleza nguvu zile zote huelekea kwenye mkono wa pili. Kwa hiyo amri yake ya kwanza kwa mwanagenzi ni kuweka mikono yote miwili nyuma ya makali, na kazi ishikwe na jiliwa, isishikwe kwa goti wala kiganja.

Kunoa kwake ni hivi. Kwanza huusawazisha mgongo wa patasi au chuma cha randa juu ya kinoo mpaka ung'ae karibu na ncha. Kisha huunoa upande wa mlalo. Mlalo wenyewe huwa kama digrii 25, na ncha kabisa huinuliwa kidogo kufika 30 ili makali yadumu. Huendelea mpaka, akipitisha kidole nyuma kwa upole, ahisi kijinywele cha chuma kimejitokeza. Hukiondoa kwa kuugeuza mgongo mara mbili tatu kinooni, na humalizia kwa kipande cha ngozi. Kinoo cha maji kisitiwe mafuta, na cha mafuta kisitiwe maji. Afanyaye kazi ya msaji, au mtiki kama wasemavyo wengine, ajue kwamba mti huo una chembe kama za mchanga ndani yake, na makali huisha upesi. Anoe kabla ya kuhisi uzito, asingoje.

Chumvi haina rafiki

Msumari wa kawaida katika nyumba inayotazama bahari huliwa na kutu, nayo kutu huvimba ikaupasua ubao na kuacha doa jeusi. Kwa kazi ya nje Ami hutumia skrubu za shaba au za chuma cha pua, na asipozipata, misumari iliyopakwa zinki. Ni ghali zaidi siku ya kununua, lakini bawaba zilizokatika huja na gharama ya mlango mzima.

Mbao ngumu kama mbambakofi hutobolewa kwanza kwa keekee kabla ya kutiwa skrubu, na skrubu hupakwa sabuni kidogo ili iingie bila kukatika. Kwa skrubu za shaba, ambazo ni laini, yeye huingiza kwanza ya chuma ya ukubwa ule ule ili itengeneze njia, huitoa, kisha hutia ya shaba. Na msumari unaopigwa karibu na ncha ya ubao, hugonga kwanza kichonge chake kikafifia. Msumari mkali huwa kabari na kuupasua ubao, bali uliofifia huzikata nyuzi na kupita.

Mwili ni amana

Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto wa Ami kimekatika kwenye kiungo cha kwanza. Ilikuwa siku mbili kabla ya Idi, na mteja alikuwa akimpigia simu kila saa akitaka kabati lake. Ami aliifunga kinga ya msumeno wa mashine kwa waya ili asipoteze muda wa kuiinua na kuishusha. "Nilitafuta dakika tano," aliniambia, "nikapoteza kidole na Idi yote."

Tangu siku ile ana masharti ambayo hayabadilishi kwa bei yoyote. Kinga ya mashine haifungwi. Waya wa umeme huchomolewa kabla ya kubadilisha msumeno. Kanzu, mikono mipana na pete havikaribii mashine izungukayo. Ngazi iliyoegemezwa huwekwa kwa kipimo cha moja kwa nne, yaani ikigusa ukuta mita 4 juu, miguu yake iwe mita 1 kutoka ukutani.

Vumbi nalo si jambo la kudharau. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limelihesabu vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Barakoa nzuri na mlango ulio wazi ni haki ya kila mwanagenzi.

Na la mwisho wengi hawalijui. Matambara yaliyopakia mafuta ya kitani hayatupwi pamoja katika lundo. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na lundo likilihifadhi joto hilo laweza kuwaka lenyewe usiku, bila kiberiti. Yatandaze nje moja moja mpaka yakakamae, au yatie ndani ya ndoo ya maji.

Wajibu wetu sisi wenye nyumba

Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Nabii Zakaria, amani iwe juu yake, alikuwa seremala. Basi kazi hii si ya kudharauliwa, wala mwenye kuifanya si wa kusumbuliwa. Unapoagiza mlango au kitanda, muulize fundi mambo matatu: mbao hizi zimekauka kwa muda gani? Utaacha nafasi kiasi gani kwa ajili ya mvua? Kingo zote zitapakwa? Akikujibu vizuri, mpe siku anazoziomba. Kisha mpe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, kama tulivyofunzwa na Mtume wetu, sala na amani zimshukie. Fundi anayezungushwa kwa malipo yake ndiye huyo atakayefunga kinga kwa waya ili akimbilie kazi ya pili.

Na leo, ukishaisoma makala hii, inuka uende kwenye mlango wa chumba wanacholala watoto wako. Ufungue na uufunge mara tatu. Ukiona unakwama, usiusukume kwa bega ukaendelea na shughuli zako. Mwite seremala.

Wabillahi tawfiq.