Sheria Inayomfikia Mkazi wa Idodi Imepitia Wapi?

Wakazi wa Idodi, mkoani Iringa, ni majirani wa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Ng'ombe wachungwe wapi, nani aruhusiwe kuwinda, mapato ya utalii yagawanywe vipi: yote hayo yanaamuliwa na sheria. Vijiji vya huko vilitenga ardhi yao kuunda jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori, MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga. Kwa hiyo mkulima na mfugaji wa Idodi wana haki ya kujua sheria hutungwa na nani, na nani anaweza kuizuia.

Ibara ya 62 ya Katiba ya mwaka 1977 inasema Bunge lina sehemu mbili: Rais na Wabunge. Muswada husomwa mara ya kwanza, kisha hupelekwa kwenye kamati, ambako wadau na wananchi wanaweza kutoa maoni. Unaporudi bungeni Dodoma, hujadiliwa, hupitiwa kifungu kwa kifungu, halafu hupitishwa. Hata hapo bado si sheria, mpaka Rais aukubali.

Rais akikataa, huurudisha pamoja na sababu zake. Wabunge wakiupitisha tena ndani ya miezi sita kwa theluthi mbili ya wabunge wote, Rais ana siku 21 za kuukubali. La sivyo, alivunje Bunge. Akilivunja, naye anarudi kwa wapiga kura.

Marekani walichagua njia nyingine. Katiba yao, iliyoandikwa Philadelphia mwaka 1787, iliweka mabaraza mawili: Baraza la Wawakilishi, ambalo leo lina wajumbe 435 kwa kufuata idadi ya watu, na Seneti yenye wajumbe 100, wawili kwa kila jimbo, liwe kubwa au dogo. Muswada lazima upite kote kuwili. Rais akiukataa, theluthi mbili ya kila baraza zinatosha kuufanya sheria bila idhini yake, wala hana mamlaka ya kulivunja Bunge. Tena, waziri haruhusiwi kuwa mjumbe wa Bunge hilo. Kwetu waziri lazima awe mbunge, hivyo Serikali imo ndani ya chombo kinachopaswa kuisimamia.

Sisi tuna Bunge lenye baraza moja, lakini nasi tumeweka kinga kwa upande mdogo. Chini ya ibara ya 98, mambo mazito ya Muungano hayabadilishwi bila theluthi mbili ya wabunge wa Tanzania Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar.

Kuna jambo moja ambalo wengi hulipita bila kulitazama. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 ilipitishwa na Bunge, lakini mengi yanayoigusa jumuiya kama MBOMIPA, ukiwemo mgawanyo wa mapato, yamewekwa kwenye kanuni. Kanuni hutungwa na waziri, kwa mamlaka aliyokabidhiwa na Bunge. Anayefuatilia muswada peke yake na kuziacha kanuni ameona nusu ya kazi.

Ngazi iliyo karibu zaidi na mwananchi ni kijiji. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wa Mkutano Mkuu wa Kijiji. Sheria ndogo inayopendekezwa na halmashauri ya kijiji hujadiliwa kwanza hapo, ndipo ipelekwe halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Dodoma mkazi wa Idodi huwakilishwa na mbunge. Kijijini anasema mwenyewe.

Kwa kuwa Katiba yetu imeipa Serikali nafasi kubwa ndani ya Bunge, sauti ya mwananchi ina uzito zaidi mapema, kabla muswada haujapitishwa na kabla kanuni haijasainiwa. Mkutano wa kijiji ukiitishwa, nenda. Omba usomewe muhtasari wa mapato na matumizi, na maoni yako yaandikwe. Mbunge akifika jimboni, muulize ni muswada gani uko mbele ya kamati na kanuni zipi zinaandaliwa. Hiyo ni haki yako, na haihitaji shahada ya sheria.