Vizito vidogo vinavyoamua kiu ya skuta

MWENYE skuta anapolalamika kwamba chombo chake kimekuwa kizito mlimani na kinakunywa petroli kupita kiasi, mafundi wengi hukimbilia kabureta na plagi. Mara nyingi chanzo kimejificha kwingine, ndani ya kifuniko cha upande wa kushoto, ulimo mfumo wa gia zinazojibadilisha zenyewe.

Mfumo huo ni puli mbili zilizounganishwa kwa mkanda wa mpira. Ndani ya puli ya mbele mna rola, vizito vidogo vya mviringo ambavyo katika skuta nyingi huwa sita. Injini ikiongeza mzunguko, rola hutupwa nje na kuibana puli hiyo, hivyo mkanda hupanda. Upande wa nyuma mkanda huzama, ukishindana na springi. Wazo hili si geni: kampuni ya DAF ya Uholanzi ilizindua gari lenye mfumo wa aina hiyo mnamo 1958.

Uzito wa rola ndio kiini cha mambo. Zikiwa nyepesi, sharti injini izunguke kwa kasi zaidi kabla ya mkanda kupanda. Skuta huchomoka upesi, lakini hunguruma muda wote na petroli huisha haraka. Zikiwa nzito, mkanda hupanda mapema na injini hutulia, jambo linalopunguza matumizi ya mafuta katika barabara tambarare. Zikizidi uzito, hata hivyo, skuta hulegea mlimani, mwendeshaji akalazimika kuongeza moto hadi mwisho, na akiba yote ikayeyuka.

Hapa ndipo mahali panapokuwa na maana. Injini hupoteza takribani asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko, na Nairobi imo karibu mita 1,700 juu ya bahari. Rola zinazomfaa msambazaji wa vifurushi Mombasa huenda zikamtesa mwenzake anayepanda Limuru.

Busara ni kubadilisha gramu moja tu kwa kila rola, kisha kupima. Kabla ya hapo, rola zilizolika upande mmoja zitupwe, kwani hukwama na kuzuia mkanda kupanda. Grisi isiguse kamwe nyuso za puli wala mkanda. Springi ngumu, ambayo baadhi ya mafundi huipenda mno, huongeza joto na kuumaliza mkanda.

Mkanda wenyewe hupungua upana kadiri unavyotumika, na skuta hupoteza kasi yake ya juu. Watengenezaji wengi huagiza ubadilishwe baada ya kilomita 20,000 hivi. Anayengoja ukatike huachwa bila mwendo katikati ya barabara, malori yakimfuata nyuma.

Kupima ni rahisi: tangi lijazwe pomoni, skuta iendeshwe njia ile ile ya kila siku kwa wiki moja, kisha lijazwe tena na lita zigawanywe kwa kilomita.