Kuhamia Kanada na familia: mshahara hauhesabiwi kwa bei ya Goma

Mjini Goma, neno « expatrié » lina sura yake. Ni mtu wa shirika. Anaishi Himbi ao Les Volcans, kodi ya nyumba inalipwa na kazi, gari na dereva ni vya kazi, na kama amekuja na watoto, masomo yao yamo katika mkataba. Kwa hiyo jirani akitangaza kwamba amepata njia ya kwenda kuishi Kanada na bibi yake na watoto, wengi wanamwona tayari ndani ya sura hiyo.

Ukweli ni mwingine. Familia nyingi za Kongo zinazohamia inje haziendi na mkataba wa namna hiyo. Zinajilipia kila kitu: karatasi, tiketi, nyumba, vitanda, makoti ya baridi. Mara nyingi feza hizo zinatoka katika kitu kimoja tu, ni parsele iliyouzwa. Ndiyo maana hesabu inapaswa kufanywa mapema, na ifanywe kwa bei za kule mshahara utakakotumiwa.

Tumechukua mfano wa baba, mama na watoto wawili, mmoja wa miaka mine na mwingine wa miaka tisa, wanaokwenda kuishi Ottawa, katika jimbo la Ontario.

Dola si dola

Kosa la kwanza linaanzia katika neno lenyewe. Kwetu ukisema dola, kila mtu anaelewa dola ya Marekani. Kule mshahara, kodi na mkate vinahesabiwa kwa dola ya Kanada, na dola 100 za Kanada zinapata kati ya 70 na 75 za Marekani. Mtu akiandika kwenye WhatsApp kwamba anapata « dola elfu tatu kwa mwezi », toa kwanza karibu robo. Na hapo bado hajalipa kodi ya serikali wala kodi ya nyumba.

Katika habari hii, kila mahali tunapoandika dola bila kuongeza neno, ni dola ya Kanada.

Kabla ya kupanda ndege

Njia inayojulikana sana na wenye diploma ni ile inayoitwa « Entrée express ». Kwa bei zilizoanza tarehe 30 Aprili 2024, mtu mzima alikuwa analipa dola 1 525: dola 950 za kuchunguza faili na 575 za haki ya kuwa mkaaji wa kudumu. Bibi ao bwana yake alikuwa analipa vilevile 1 525. Kila mtoto ilikuwa 260. Alama za vidole za familia ni 170. Kwa watu wetu wane, jumla ilikuwa dola 3 740.

Hapo hatujahesabu mtihani wa Kifaransa, kupimisha diploma, vipimo kwa daktari anayekubaliwa na Kanada, paspoti na tiketi. Kwa mkaaji wa Goma kuna tena safari ya kufikia ndege, kwa sababu uwanja wa ndege wa mji ulifungwa mwisho wa Januari 2025, wakati M23 ilipoingia. Wengi wamelazimika kupitia Rwanda ao Uganda, na kila usiku wa kulala njiani unalipiwa.

Kisha kuna kizuizi kinachoangusha wengi. Asiyekuwa na kazi tayari kule anapaswa kuonyesha kwamba ana akiba ya kuanzia maisha. Kuanzia Julai 2025, kwa familia ya watu wane, akiba hiyo ilikuwa dola 28 362, ni kusema karibu dola 20 000 za Marekani. Feza hizo hazilipwi kwa serikali ya Kanada, zinabaki zako. Lakini lazima ziwe zako kweli. Haikubaliwi kuzikopa kwa mtu. Haikubaliwi pia kuleta thamani ya nyumba ao parsele: kama mali yako ni udongo, kwao bado huna akiba. Na benki inapaswa kuandika barua yenye kuonyesha kiasi kilichopo, madeni uliyo nayo, na wastani wa feza zilizokuwa ndani ya konti kwa miezi sita iliyopita.

Msomaji wa Goma ao Bukavu ameisha kuona shida iko wapi. Benki zilifunga milango Goma mwisho wa Januari 2025, kisha Bukavu mwezi uliofuata. Mtu aliyeweka feza zake nyumbani, katika likelemba ao kwenye simu hawezi kuleta miezi sita ya benki. Na kumwomba mjomba atie elfu kumi kwenye konti kwa wiki moja hakusaidii, wastani utaonyesha wazi kwamba feza ziliingia jana.

Siku ya ufunguo

Kwetu, mpangaji anajua garanti: miezi mitatu, mara nyingine sita. Ontario sheria ni nyepesi kidogo. Mwenye nyumba anaweza kuomba mwezi wa kwanza na, kama garanti, mwezi wa mwisho. Tuseme nyumba ya vyumba viwili vya kulala ni dola 2 200 kwa mwezi. Kabla ya kulala usiku wa kwanza, familia inatoa 4 400.

Lakini shida kubwa si garanti, ni kujulikana. Mwenye nyumba anataka kuona karatasi ya mshahara na historia ya namna unavyolipa madeni. Mtu aliyefika juzi hana moja wala nyingine. Wengine wanakaa wiki nyingi kwa ndugu ao katika nyumba ya kulipia kwa siku, na kila siku inakula akiba.

Tuendelee na hesabu. Kwa 28 362, toa garanti ya mwezi wa mwisho, 2 200. Toa 4 000 za vitanda, vyombo, viatu na makoti ya baridi ya watu wane. Zinabaki 22 162. Kama kodi, chakula, basi na simu vinafika dola 4 000 kwa mwezi, familia isiyokuwa na mshahara inaweza kusimama miezi mitano na nusu. Akiba ambayo mjini Goma ingejenga nyumba, kule haifiki nusu ya mwaka.

Mwezi mmoja, mshahara mmoja

Sasa tuseme baba amepata kazi ya mshahara wa chini, kama wengi wanavyoanza. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025, mshahara wa chini Ontario ulikuwa dola 17,60 kwa saa. Kwa saa 40 kwa wiki, inafika karibu 3 050 kwa mwezi. Ukitoa kodi ya serikali, pensheni na bima ya kukosa kazi, vinavyokatwa kabla feza hazijafika mkononi, zinabaki karibu 2 500.

Serikali ya Kanada inasaidia pia wazazi. Msaada huo unaitwa « Allocation canadienne pour enfants ». Kuanzia Julai 2025 mpaka Juni 2026, familia yenye mapato madogo inapata mpaka dola 7 997 kwa mwaka kwa mtoto asiyefikisha miaka sita, na 6 748 kwa mtoto wa miaka 6 mpaka 17. Kwa watoto wetu wawili ni 14 745 kwa mwaka, karibu 1 229 kwa mwezi. Mkaaji wa kudumu anaweza kuuomba mara tu anapofika, lakini lazima aandike ombi, na kila mwaka yeye na mwenzake watangaze mapato yao. Asiyejaza karatasi hapewi. Aliyekuja na visa ya muda anapaswa kwanza kumaliza miezi 18 ndani ya inchi.

Mapato ya mwezi basi ni 2 500 na 1 229: jumla 3 729.

Upande wa pili kuna kodi ya nyumba, 2 200. Kuna chakula. Ripoti ya bei ya chakula ya mwaka 2025, iliyotolewa na chuo kikuu cha Dalhousie pamoja na vyuo vingine, ilikadiria kwamba familia ya watu wane ingetumia karibu dola 16 833 kwa mwaka huo, ni kusema 1 403 kwa mwezi. Nyumba na chakula tu ni 3 603. Zinabaki dola 126. Karti ya basi ya mwezi kwa mtu mzima mmoja Ottawa inazimaliza zote. Bado simu, intaneti, umeme, dawa na nguo za watoto wanaokua.

Familia inaweza kubana chakula ao kukaa mbali na mji, lakini hesabu inasema jambo moja: mshahara mmoja wa chini haubebi watu wane. Mama pia atafanya kazi. Hapo inaingia bei ambayo kwetu karibu haipo, bei ya kuchungiwa mtoto. Goma mtoto wa miaka mine anaachwa kwa nyanya, kwa shangazi, kwa jirani. Ottawa mtoto ambaye bado hajaanza shule anaachwa krechi. Katika krechi zilizoingia katika mpango wa serikali, Ontario imeweka kikomo cha dola 22 kwa siku tangu Januari 2025. Kwa siku 21 za kazi ni 462 kwa mwezi. Bei hiyo ni nafuu kuliko zamani, lakini nafasi zinangojewa kwa orodha, na asiyepata nafasi anakwenda kwa krechi ya bei ya soko. Na mishahara miwili inapoongeza mapato, msaada wa watoto unapunguzwa.

Kuna pia upande wa nafuu, na ni mkubwa. Shule ya serikali, ya msingi na ya sekondari, haina minerval. Mzazi aliyekuwa analipa kila muhula kwa watoto wawili ao watatu anapumua. Matibabu ya msingi kwa daktari na hospitalini hayalipiwi na mgonjwa mara anapopata karti ya afya ya jimbo. Kwa familia iliyowahi kushikiliwa hospitali kwa sababu ya fakitire, hilo peke yake linaweza kuwa sababu ya kuhama.

Québec ina njia yake

Wakongomani wengi wanapenda Québec kwa ajili ya Kifaransa. Jimbo hilo linachagua wahamiaji wake lenyewe, na « Entrée express » haifanyi kazi kule. Badala ya ile akiba ya 28 362, mwombaji anatia sahihi mkataba kwamba ataweza kujitunza na familia yake kwa miezi mitatu ya kwanza.

Bei pia zinabadilika. Mshahara wa chini ulikuwa dola 16,10 tangu Mei 2025, chini ya ule wa Ontario. Lakini krechi ya serikali ilikuwa dola 9,35 kwa siku mwaka 2025, na mwenye nyumba hana haki ya kuomba garanti, anaweza kuomba mwezi wa kwanza tu. Kwa upande mwingine, mtu mzima aliyefika karibuni anaweza kungojea mpaka miezi mitatu kabla bima ya afya ya jimbo haijaanza. Wanaojua hilo mapema wananunua bima ya muda.

Diploma inangojea

Mganga, muuguzi ao fundi wa sheria asihesabu mshahara wa kazi yake tangu mwezi wa kwanza. Kazi hizo zina baraza la kazi katika kila jimbo, na bila ruhusa ya baraza hakuna kugusa mgonjwa wala kusimama mbele ya jaji. Mitihani, mafunzo na karatasi vinachukua muda mrefu na feza. Wakati huo muuguzi wa miaka kumi anaweza kujikuta anasafisha ofisi usiku. Si aibu, lakini iandikwe katika hesabu kabla ya kuondoka: mwaka wa kwanza, hata wa pili, mshahara wa chini.

Wale waliobaki

Safu moja haionekani katika karatasi yoyote ya serikali: Goma, Bukavu, Uvira, Beni. Aliyekwenda inje anaitwa kwa matanga, mahari, minerval ya mpwa na dawa ya mama. Na kutuma kunagharimu. Kwa hesabu za Banki ya Dunia, kutuma feza kwenda Afrika kusini mwa Sahara kunakula karibu asilimia 8, wakati mataifa yalijipa lengo la kushuka mpaka asilimia 3 mwaka 2030. Tangu benki zifungwe, anayepokea mjini Goma anaongezewa tena malipo ya wakala anapotaka noti mkononi.

Familia zinazosimama ni zile zilizosema mapema, mbele ya wakubwa wa ukoo, kiasi gani kitatumwa kwa mwezi na kuanzia lini. Ukimya unasomwa kama kiburi, na ahadi isiyo na kipimo inaleta madeni ya karti za benki, ambayo riba yake ni nzito.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuuza parsele

Kwa yule aliyepewa mkataba wa kweli wa kazi inje, iwe Ottawa, Nairobi ao Dakar, swali la kwanza si « mshahara ni ngapi? ». Ni hili: zinabaki ngapi baada ya makato, na nani analipa nyumba, masomo, matibabu na tiketi za kurudi?

Kwa yule anayekwenda kwa nguvu zake, maswali ni manne. Tunaweza kuishi miezi sita bila mshahara? Nani atachunga mtoto siku ambayo wote wawili wanafanya kazi? Kazi ya kwanza itakuwa ipi kama diploma inachelewa? Na kama parsele imeuzwa, tukishindwa tutarudi wapi?

Swali la mwisho ndilo lenye uzito zaidi kwa wakati huu, ambapo wengi wanauza kwa haraka na kwa bei ya chini. Wenye uwezo wa kungojea wanaweza kupangisha nyumba mwaka mmoja kwanza, kumwachia ndugu wa kuaminika karatasi zake, na kuamua wakiwa wamejionea wenyewe bei za kule.