Sailensa Ikigoma Kushuka

"Fundi, gari linanikimbia hata sijakanyaga mafuta." Mteja alikuwa na Hilux ya miaka ya mwisho ya 1980, injini ya 22R-E, pistoni nne, lita 2.4, ya nozeli. Dashibodi za pikapu nyingi za umri huo hazina mshale wa mizunguko, kwa hiyo nilifunga kipimo changu. Kikasoma 1,800 kwa dakika, na injini ilikuwa imeshapata moto. Gari la gia za mkono lilitakiwa kutulia karibu na 750. Skrubu ya sailensa, yaani ya mizunguko ya injini mguu ukiwa haupo kwenye pedeli, ilikuwa imekazwa mpaka mwisho. Fundi mwingine alishapita hapo na bisibisi yake.

Skrubu hiyo inabana kijitundu kidogo tu cha hewa. Imewekwa kwa ajili ya kurekebisha injini nzima, si kuficha ugonjwa wa injini mbovu.

Wengi hudhani sailensa ikipanda ni petroli imezidi. Kwa injini ya petroli, anayeamua mwendo ni hewa. Pedeli inafungua kipepeo, hewa inaingia, kompyuta inasoma kiasi chake na kumwaga petroli ya kutosha. Basi kama mguu haupo kwenye pedeli na injini bado inanguruma, kuna hewa inapita mahali. Kazi ni kuutafuta mlango.

Naanza na kipepeo, kwa sababu hakinigharimu kitu. Kebo ikivutwa sana, au masizi yakiganda pembeni, hakifungi hadi mwisho. Ninasukuma mkono wake kwa kidole; mizunguko ikishuka, nimempata mwizi. Ya mteja huyu haikushuka.

Mlango wa pili ni mipira ya hewa iliyopasuka. Ndiyo inayolaumiwa zaidi, lakini sikiliza kwanza injini inavyoimba. Kwenye 22R-E, hewa inayoingia baada ya kipimo cha hewa haihesabiwi, kwa hiyo petroli inakuwa pungufu na injini hutetemeka. Hii ilikuwa juu lakini laini kama cherehani. Hewa yake ilikuwa imehesabiwa. (Ukitaka kuhakikisha, bana mpira mmoja mmoja kwa koleo, ukianza na ule wa busta ya breki. Wanaopulizia petroli juu ya injini ya moto ili wasikie mabadiliko, siku moja watasikia mlipuko.)

Ukabaki mlango wa tatu, ninaoupenda kuliko yote. Chini ya nyumba ya kipepeo kuna vali ndogo ya hewa yenye nta ndani, na maji ya rejeta yanaizunguka. Asubuhi nta imesinyaa, vali iko wazi, injini inapata hewa ya ziada isije ikazima. Maji yakipata moto nta inavimba, inaifunga vali, na sailensa inateremka yenyewe. Hakuna waya hata mmoja. Inachohitaji ni maji ya moto yaifikie, basi.

Hapo ndipo tabia yetu ya kung'oa thamostati inapotugeuka. Tunaing'oa "gari lisichemshe", kumbe kazi yake ni kuyazuia maji ndani ya injini mpaka yafike karibu nyuzi 88. Bila hiyo, kwenye baridi ya Njombe au Mbeya, injini inaweza kutembea safari nzima ikiwa vuguvugu. Nta haivimbi sawasawa. Sensa ya joto nayo inaiambia kompyuta kwamba bado ni alfajiri, petroli inaongezwa, na mwenye gari analalamikia bei ya mafuta.

Thamostati ya mteja wangu ilikuwepo. Nikagusa mpira mdogo unaopeleka maji kwenye ile vali: baridi, wakati kichwa cha injini hakigusiki. Tukazima, tukasubiri ipoe kabisa, ndipo nikafungua rejeta. Maji yalikuwa yamepungua karibu lita mbili. Vali iko juu kuliko sehemu nyingi za mzunguko wa maji, kwa hiyo yakipungua, yenyewe hubaki na hewa tupu.

Nikajaza, nikatoa hewa, nikawasha. Baada ya dakika kadhaa mpira ukapata moto, mizunguko ikaanza kushuka taratibu: 1,400, 1,000, 600, na injini ikazima. Ile skrubu bado ilikuwa imekazwa mpaka mwisho. Nikaifungua kidogo kidogo hadi 750, kisha nikaingia chini ya gari kutafuta zile lita mbili zilikuwa zikivujia wapi.