Kubuni Gari la Spoti la Kesho kwa Kompyuta

Utangulizi

Gari dhahania ni gari linalobuniwa na kukamilishwa ndani ya kompyuta bila kuundwa kwa chuma. Huonekana kwenye skrini tu, na pengine huendeshwa katika mchezo wa video. Watahiniwa wengi hudhani kwamba mbunifu wa gari la namna hii yuko huru kuchora chochote apendacho. Dhana hiyo si sahihi. Skrini hupokea kila mchoro, lakini gari lisilotii kanuni za fizikia hubaki kuwa pambo.

Hatua za kubuni

(a) *Kuweka masharti.* Kabla ya kuchora, mbunifu huamua gari litabeba watu wangapi, litatumia nishati gani na litakuwa na tungamo kiasi gani. Kwa mfano, betri za gari la umeme ni nzito. Kwa hiyo mara nyingi hupangwa chini ya sakafu ili kitovu cha uzito kiwe chini na gari lisipinduke kwa urahisi linapokata kona.

(b) *Kuchora umbo.* Katika miaka ya 1960, Pierre Bézier, mhandisi wa kampuni ya Renault nchini Ufaransa, alieneza njia ya kuchora mikunjo ya bodi za magari kwa kutumia milinganyo. Paul de Casteljau wa Citroën alikuwa amekwisha kuigundua njia hiyo kabla yake. Mbunifu huweka nukta chache, na kompyuta hukokotoa mkunjo unaoongozwa na nukta hizo. Akisogeza nukta moja, mkunjo nao hubadilika.

(c) *Kujenga modeli ya pande tatu.* Uso wa gari huundwa kwa vipande vidogo vingi vyenye pembe tatu au nne. Ipo programu iitwayo Blender inayofanya kazi hii na hupatikana bila malipo.

(d) *Kupima hewa.* Nafasi inayolizunguka gari hugawanywa katika visanduku vidogo sana. Kompyuta hukokotoa kasi na kanieneo ya hewa katika kila kisanduku. Kumbuka kwamba ukinzani wa hewa huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo: gari likitoka kilomita 100 hadi 200 kwa saa, ukinzani huwa mara nne, na nguvu ya mota inayohitajika kuushinda huwa mara nane. Ndiyo sababu magari ya spoti huwa mafupi kwa kimo na yenye umbo la kuipasua hewa.

(e) *Kuweka rangi na mwanga.* Programu hufuatilia njia ya mwanga na kuuakisi kwenye rangi na vioo kwa kanuni zile zile za kioo bapa unazozisoma darasani.

Mfano halisi

Mwaka 2013, studio ya Kijapani iitwayo Polyphony Digital, inayotengeneza mchezo wa Gran Turismo, ilianzisha mpango wa Vision Gran Turismo. Kampuni za magari zilialikwa kubuni magari ya kuendeshwa ndani ya mchezo huo, na Mercedes-Benz ikawa miongoni mwa za kwanza kuitikia. Mwaka 2015, Bugatti ilionyesha gari lake la mpango huo mjini Frankfurt, likiwa na ukubwa kamili. Mwaka uliofuata ilizindua Chiron, gari la kuuzwa ambalo sura yake ilifanana na lile la mchezo. Hivyo basi, kazi iliyoanzia kwenye skrini inaweza kuchungulia barabarani.

Mfano wa hesabu

Mwanafunzi amebuni gari la kilo 1,500. Anadai kwamba litatoka kusimama hadi mita 30 kwa sekunde (kilomita 108 kwa saa) ndani ya sekunde 2. Je, inawezekana?

Mchapuko = 30 ÷ 2 = 15 m/s²
Kani = 1,500 × 15 = 22,500 N
Uzito wa gari = 1,500 × 10 = 15,000 N

Kani ya kulisukuma gari hupitia kwenye msuguano kati ya tairi na barabara. Tukichukua kwamba msuguano huo hauzidi uzito wa gari, kani kubwa kabisa ni 15,000 N, na mchapuko ni 10 m/s². Muda mfupi kabisa ni 30 ÷ 10 = sekunde 3. Hata akiongeza mota kubwa kiasi gani, tairi zitateleza tu. Anapaswa kushughulikia tairi kwanza.

Hitimisho

Kompyuta hukokotoa haraka, lakini haichagui swali la kukokotoa. Anayejua kani, msuguano na milinganyo ndiye anayejua nini cha kuiuliza.

Jipime

1. Eleza kwa nini betri za gari la umeme huwekwa chini ya sakafu.
2. Mwanafunzi yule akipunguza tungamo hadi kilo 1,000, je, tatizo lake litatatuka? Thibitisha kwa hesabu.
3. Bawa la nyuma huligandamiza gari barabarani kwa nguvu ya hewa. Kwa nini halisaidii gari linapoanza kuondoka?